Panya Wawili Weupe na Dawa ya Soko la Mautuma

Chuo kikuu kilipofungwa kwa mara ya pili, wanafunzi tulipewa saa mbili za kuondoka. Nilitoka na mkoba wa vitabu, blanketi, na panya wawili weupe ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu kwa msumari. Walikuwa panya wa maabara ya zuolojia. Mtunza wanyama alikuwa ameagizwa awaue wote, kwa kuwa hapangekuwa na mtu wa kuwalisha, na hakuna aliyejua tutafunguliwa lini. Nilimuuliza kwa nini wafe wao ilhali tuliogoma ni sisi. Akanitazama kwa uchovu.

"Chukua wawili," akasema, "uniondolee maswali."

Akawageuza mmoja mmoja kunionyesha kwamba wote ni majike, nisije nikarudi kumlaumu. Ndivyo nilivyokuwa mfugaji.

Mama alikuwa akifanya kazi mjini Kakamega na kupanga nyumba ya vyumba viwili Amalemba, naye baba aliishi shambani Mautuma, kama zilivyo familia nyingi za kwetu ambazo mshahara uko upande mmoja na mahindi upande mwingine. Nilishukia kwa mama. Nilipofungua kopo mezani, aliinua sahani ya ugali juu ya kichwa chake na kubaki hivyo mpaka nikalifunika tena.

Nitaanza na mazuri yao, maana watu wakisikia panya hawangoji kusikia mazuri. Panya ni msafi. Hunawa uso mara nyingi kwa siku kuliko wenzangu wawili tuliolala nao bwenini. Baada ya wiki moja walikuwa wamejua sauti ya hatua zangu, nikigonga kopo kwa kidole wanakuja. Walipenda kulala ndani ya mkono wa sweta yangu nikiwa nimeivaa, nami nikajifunza kusoma nikigeuza kurasa kwa mkono mmoja. Ukimkuna panya nyuma ya sikio atasaga meno polepole, na macho yatamchezacheza kwa raha. Mara ya kwanza nilidhani anakufa. Mmoja, aliyekosa kipande cha sikio, alikuwa mwoga na mwenye adabu. Mwenzake alikuwa mwizi.

Hawakuwa na majina. Maabara waliwapa namba, na nyumbani mama alikataza kabisa. Kwetu mtoto hupewa jina ili kumrudisha mtu aliyekufa, akasema, sasa mimi nilitaka kumrudisha marehemu yupi akiwa na mkia?

Mabaya yao nayo yapo. Panya hukojoa akitembea, matone madogomadogo, kwa hiyo anayekutembelea mkononi anakuandika. Unga wa mbao niliouomba kwa fundi seremala ulinuka baada ya siku mbili. Panya hawezi kuishi peke yake, ni lazima wawe wawili au zaidi, na wakiishi vizuri sana wataishi miaka miwili, labda mitatu. Anayefuga panya amekubali mapema kwamba atakuwa akizika mara kwa mara. Isitoshe, meno yao hayaachi kukua, kwa hiyo ni lazima watafune kitu, na hawakuulizi kitu gani.

"Mwanangu," mama alianza kila jioni, "watu wanafuganga kuku. Kuku ukichoka naye, mgeni akija unamchinja. Sasa hii, mgeni akija utamwambia nini?"

"Nitamwambia apunguze sauti, wamelala."

"Haki ya Mungu, tulikupeleka kusoma."

Mama alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, na mavazi ya kwaya yote yalifuliwa na kunyooshwa na yeye. Jumamosi moja yule mwizi alitoka kwenye kizimba nilichokiunda kwa debe na waya wa kuku, akapanda juu ya sanduku la mavazi hayo, akatengeneza kiota. Jumapili kwaya iliimba ikiwa na mikono kumi na saba mirefu na mmoja wa kuishia kwenye kiwiko, na ule wa kiwiko alivaa mama mwenyewe kwa kuwa hakutaka kumpa mtu aibu isiyo yake. Aliimba vizuri kuliko siku zote. Jumatatu asubuhi aliweka nauli juu ya debe.

"Mtaenda Mautuma," akasema. "Wote watatu."

Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, kwa sababu baba alikuwa na vita na panya tangu kabla sijazaliwa. Shamba letu lilikuwa kipande cha shamba la mzungu aliyeondoka, na pamoja na ardhi familia ilirithi ghala la mbao na panya wa ghala hilo. Kila msimu baba aliziba matundu, akatega mitego, akafuga paka waliohama. Alipoona debe langu alichuchumaa mbele yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Hizi ulinunua?"

"Nilipewa, Baba."

"Ungetuandikia barua. Tungekupa gunia zima, na tungekuongeza kitu kwa kutusaidia."

Baba hakumaliza darasa la sita, lakini sijapata kumwona profesa anayemkaribia kwa kutoamini. Redio ikitangaza mvua, alitoka nje kuikagua. Mchungaji akisema jambo limeandikwa, yeye aliuliza ukurasa. Nilidhani kuhoji kila kitu nilijifunza chuoni, tena nilijivunia, na nilipokuwa nyumbani kwa mwezi mzima ndipo nilipoanza kushuku kwamba niliondoka nako hapa hapa.

Ilikuwa Desemba, mahindi yamepukuchuliwa na kuanikwa, na kila nyumba ilikuwa ikijaza magunia. Siku ya soko alikuja mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti, akapanga panya waliokaushwa juu ya ubao kama dagaa, na kando yao vipakiti vya mahindi yaliyovunjwavunjwa na kutiwa rangi ya buluu. Panya akila, alisema, hamalizi siku tatu. Baba alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

"Hawa walikufa na nini?"

"Na dawa hii, Mzee!"

"Uliwaona wakila?"

"Mzee, si unaona wamekufa?"

"Hata mimi nitakufa. Si lazima iwe kwa dawa yako."

Watu walicheka, lakini baba alinunua pakiti moja. Pamoja nasi alikuwa jirani yetu, mjane wa ukoo wetu ambaye nilimwita shangazi. Yeye hakucheka. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na alitakiwa kulipa karo mwezi wa tano, na mwezi wa tano ndio mahindi hupanda bei, ghala za watu zikiwa tupu. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa moja tu, kuyaweka mahindi mpaka wakati huo. Mwaka uliotangulia alifanya hivyo hivyo, akanunua dawa kwa mchuuzi mwingine, akanyunyiza kila pembe. Alipofungua magunia alikuta maganda, na panya walionenepa mpaka wakawa hawakimbii vizuri.

"Nikijua dawa ni ya kweli, naweka," alituambia tukirudi. "Nikijua ni feki, nauza sasa hivi kwa bei ya hasara. Shida ni kujua. Panya wa ghala anakula wapi, anafia wapi, nani anamwona?"

Baba alisimama katikati ya njia. Nilimwona akigeuka kunitazama, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Sisi tuko na panya anayekula watu wakimwona," akasema.

"Hapana, Baba."

"Ulisema uliitoa wapi?"

"Maabara."

"Na maabara wanafanyanga nini nayo?"

Nilitazama njia ya kwenda nyumbani.

"Wewe si ndiye ulimwambia mchungaji kwamba jambo ambalo halijajaribiwa ni maneno tu? Nilikuwa nimekaa hapo. Nilifurahi sana siku hiyo."

Shangazi alishika mkono wangu. "Daktari," akasema, ingawa nilikuwa sijamaliza hata mwaka wa tatu, na wa zuolojia, "ni panya tu. Nisaidie."

Baba aliendelea kupanga mambo huku tukitembea. Panya mmoja angekula dawa. Mwingine angekula mahindi ya kawaida, kutoka gunia lilelile, maji yaleyale. "Wakifa wote, ni ugonjwa," akasema. "Akifa mmoja, ni dawa." Chuoni tulifundishwa jambo hilo muhula mzima, na mtu alilipwa kulifundisha.

Nilikuwa na hoja nyingi dhidi ya jaribio lile, zote nzuri, na hakuna hata moja iliyoshinda karo ya binti wa watu. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mtu msomi hufanya hoja zake zikiisha. Mchana, baba akiwa amekwenda kuazima mizani, nilivunja mahindi yetu kwa jiwe, nikayachovya kwenye buluu ya kufulia nguo nyeupe, nikayakausha juani juu ya bati. Yalipendeza kuliko ya mchuuzi. Dawa yenyewe niliifunga ndani ya soksi, nikaiweka chini kabisa ya mkoba wa vitabu.

Jioni, mbele ya baba na shangazi, yule mwenye sikio pungufu alikula chakula chake cha buluu mpaka akalamba sahani. Siku ya tatu alikuwa akinyoosha mgongo na kuomba zaidi. Baba aliandika jambo kwenye kalenda ya ukutani. Shangazi akasema, "Basi," akaenda zake.

Nilikuwa nimejiambia kwamba sikuwa nimemdhuru mtu. Kama dawa ilikuwa feki, basi nilisema kweli kwa njia ya mkato, na wachuuzi wengi wa siku hizo walikuwa matapeli, kwa hiyo uwezekano ulikuwa upande wangu. Nilijipa hoja hiyo mara kadhaa kwa siku. Ilikuwa kama dawa ya usingizi iliyokwisha muda.

Jumatatu shangazi alirudi. Alileta mayai kwa baba, na kwenye kipande cha gazeti, ufuta uliokaangwa.

"Huu ni wa yule wa sikio," akasema. "Amefanya kazi ya watu wazima."

Akachuchumaa mlangoni mwa debe na kumpa mwenyewe, punje mojamoja, akicheka alipoguswa na ndevu za panya. Huyu ni mwanamke ambaye wiki moja kabla alikataa kuingia sebuleni kwetu mpaka debe litolewe. Kisha akamwambia baba kwamba amepata mnunuzi, lori litakuja Jumamosi.

"Bei yake ni ya kunitukana," akasema, "lakini afadhali matusi kuliko maganda. Haitatosha karo yote. Nitaongea na wa chuo wamruhusu aanze na nusu. Wakikataa, atangoja mwaka mmoja. Bado mtoto."

"Shangazi," nikasema.

"Eh, daktari."

"Panya hakula dawa."

"Alikula. Si nilimwona?"

"Alikula mahindi yetu na buluu ya kufulia."

Nilikwenda chumbani, nikaleta soksi, nikaifungua mezani, pakiti ikaonekana haijaguswa. Nilitarajia baba apige kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Yeye aliivuta pakiti kwake kwa kidole kimoja, akaisoma pande zote mbili.

"Kwa hiyo hatujui," akasema.

"Hatujui, Baba."

Shangazi alikuwa akikunja kile kipande cha gazeti, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama stempu. "Mimi ningeuza mahindi ya mtoto wangu," akasema, "kwa sababu ya buluu ya kufulia nguo?" Hakuwa ananiuliza mimi hasa. Halafu akaniuliza. "Na wewe ulikuwa unaniangalia tu nikimpa ufuta?"

Kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kusema, sikutafuta hoja.

"Leta sahani," nikamwambia baba.

Nilimchagua yule yule mwenye sikio pungufu. Nilijiambia kwamba yule mwizi angefaa zaidi, kisha nikaona kwamba ninaanza tena. Tulimmwagia dawa yenyewe kwenye sahani. Alisogea, akanusa, akarudi nyuma, akaanza kunawa uso. Tulingoja. Alinusa tena, akageuka kabisa, akatuonyesha mgongo.

"Mara ile ulikula mbio," baba akamwambia, si kwa hasira, kama mtu anayesahihisha kumbukumbu.

"Hataki," nikasema. Nilisikia jinsi sauti yangu ilivyofurahi.

Shangazi alinitazama. "Kutoka kwa sahani hataki," akasema. "Mpe kwa mkono."

Hapo ndipo nilipojua ubaya wa kufuga panya ambao sikuutaja hapo juu, kwa kuwa hauhusu mkojo wala meno. Panya haamini chakula kigeni. Ndiyo maana wale wa ghala hawafi kirahisi. Huyu wangu nilikuwa nimemfundisha, mwezi baada ya mwezi, kwa njugu na vipande vya yai, kwamba kinachotoka mkononi mwangu hakihitaji kunuswa. Niliokota punje za buluu, nikazishika kwa vidole vitatu. Hakunusa. Alishika kidole changu kwa mikono yake miwili, kama kawaida, na kula. Alikula zote. Kisha alipanda mkononi na kuingia ndani ya mkono wa sweta.

Siku tatu hizo sikufanya kitu kingine. Nilimfunua mdomo kila saa kuangalia kama ufizi umekuwa mweupe, dalili ya damu kuvuja ndani. Jumatano alipiga chafya mara mbili, nikatoka nje nikatembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Yule mwizi alilala amemzunguka. Baba alikuja kila jioni na taa, akamtazama, akaandika kwenye kalenda, na mara moja, akidhani sikumwona, alimkuna nyuma ya sikio kwa kucha moja.

Alhamisi alikuwa hai. Ijumaa baba aliongeza siku moja ya tahadhari, na akawa hai hiyo pia, akaiba ugali kwenye sahani ya baba. Dawa ilikuwa feki. Uongo wangu ulikuwa kweli tangu mwanzo, na sikumbuki kama nimewahi kupata habari njema iliyonipa furaha ndogo namna ile.

Jumamosi lori lilifika kwa shangazi kabla ya umande kukauka. Nilikwenda kusaidia kubeba. Tulikuwa na magunia sita juu baba alipotokea njiani, mikono nyuma, na nilipoona anavyotembea nilijua usingizi haukumchukua.

"Mimi nina swali," akasema.

Shangazi alifumba macho. "Sema, Mzee."

"Hii panya imekulia chuo. Imekula chakula cha serikali. Hata rangi yake si yetu. Nani ametuambia kwamba dawa ikishindwa kuua hiyo, itashindwa na zile zetu?"

Wapakiaji walisimama na gunia la saba mabegani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule, na lilipaswa kuwa langu. Nilimtazama shangazi.

"Wewe na kijana wako," akamwambia baba, "mtauliza mpaka nibaki na kamba za gunia." Kisha akanigeukia. "Daktari. Bila buluu. Hii dawa ni feki?"

"Sijui, Shangazi," nikasema. "Ninajua tu kwamba aliila mkononi mwangu, zote, na yuko hai."

Alinitazama, akipima kitu ambacho hakikuwa mahindi.

"Hilo ndilo ningetaka kuambiwa siku ya kwanza," akasema. "Mengine ningefikiria mwenyewe."

Aliwageukia wapakiaji, akaonyesha magunia manne yabaki ghalani. Kwa hayo ataijaribu dawa na panya wa ghala lake mwenyewe, akasema, mpaka mwezi wa tano, na ile pakiti iliyobaki baba amletee. Mengine yapandishwe. Alifunga leso kichwani, akakataa mkono wangu, akapanda mbele kwa dereva akiwa na mkoba mapajani, aende akaone kwa macho yake yakipimwa.